Uwanja Uliouzwa kwa Kibuyu cha Maji

Watu wakiniuliza ule uwanja wetu wa zamani wa kando ya mto ulipotelea wapi, huwaambia haukupotea. Upo palepale ulipokuwa, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka stesheni ya Tabora ukifuata njia ya zamani ya misafara. Una mikaratusi sasa, imepandwa kwa mistari iliyonyooka kuliko mstari wowote tuliowahi kuuchora sisi kwa chokaa. Aliyeupoteza ni mimi. Niliupoteza mchana kweupe, mbele ya watu wazima wenye akili zao, kwa maneno ambayo hata dakika mbili hayakufika, nao wote walicheka.

Mimi ni Mgogo. Reli ndiyo iliyonileta Tabora, enzi za Mwingereza, niwe karani wa mizigo. Kazi yangu ilikuwa kupima kila kinachopanda behewa, kuandika uzito wake na kukataa kubishana. Mwezi wa kwanza nilikula peke yangu kila siku. Mwezi wa pili nilikuwa golikipa wa klabu ya mpira. Sikuchaguliwa kwa ufundi, maana hakuna aliyewahi kuniona nikidaka kitu. Nahodha wa klabu, fundi mwashi mmoja Mnyamwezi, alikuja dirishani kwangu kupeleka sanduku la vyombo vyake vya kazi huko Kaliua. Akasikia ninavyosema, akauliza kabila langu, nikamwambia.

Akapiga dirisha kofi. "Mgogo! Hata serikali imechoka kuwafukuza kwenye mizigo ya watu, sasa imewakabidhi wailinde!"

Nikamjibu kwamba mababu zake walikuwa punda wa miguu miwili, na kama anataka nimpime yeye pamoja na sanduku, sheria ya reli inaruhusu mifugo. Foleni nzima ilifurahi sana. Kesho yake jioni nilikuwa nimesimama golini.

Kwa asiyejua habari hizi, Wanyamwezi ndio waliobeba mizigo ya misafara kwenda pwani na kurudi, na njia yao ilipita kwetu Ugogo, kwenye ukame. Wazee wetu waliwatoza hongo, yaani ushuru wa njia, kwa kupita na hongo nyingine kwa kunywa. Walipigana, wakachoka, na baada ya kuchoka wakawa watani. Utani una sheria zake, nazo ni kali kuliko za reli. Mtani anaweza kukutukana hadharani, akavaa kofia yako, akala chakula chako, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika umejivunjia heshima mwenyewe. Ukitaniwa, jibu la mtu mwungwana si kukana. Unakubali, halafu unaongeza baya zaidi. Nikikuambia baba yako alikuwa mwizi wa mbuzi, unajibu, kweli kabisa, na mbuzi wenyewe walikuwa wagonjwa. Na mtani haombi radhi kamwe, kwa sababu anayeomba radhi anakiri kwamba alikuwa hatanii. Nawaomba mkumbuke hili la mwisho, maana mimi limenikaa kooni miaka yote.

Sasa uwanja. Ulikuwa kwenye ukingo wa mto wa msimu, pale misafara ilipokuwa ikipiga kambi. Bado tulikuwa tukiokota mafiga yao, mawe meusi ya moshi, na mawe hayo ndiyo yaliyokuwa alama za kona zetu. Mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji kile, alimpa nahodha mahali pale kwa mdomo tu, wakiwa wawili, vijana wapate pa kuchezea. Kisha mwanangwa akafa, kama watu wanavyokufa, bila kuandika chochote.

Palikuwa na mchanga mtupu, mguu ulizama mpaka kifundoni. Nahodha ndiye aliyepafanya pawe uwanja. Alijua kwa kazi yake kwamba udongo wa kichuguu ukimwagiwa maji na kushindiliwa hugeuka sakafu. Basi viangazi vitatu mfululizo, kila jioni akitoka kwenye ujenzi, alivunja vichuguu vya porini, akabeba udongo kwa karai kichwani, akamwaga, akanyunyiza, akashindilia kwa gogo lenye mpini alilolichonga mwenyewe. Wenzake walimsaidia kila walipokumbuka. Hakuwa na mtoto. Mkewe alikuwa akimletea ugali pale pale, akiketi ukingoni na kawa lake, na aliuita uwanja ule mke mwenzangu. "Nimekuja kumsalimia mke mwenzangu," alikuwa akisema. "Leo amelishwa makarai mangapi?" Nahodha alikuwa akimjibu idadi kamili.

Ulipokwisha, ulikuwa mgumu na mwekundu na umelala sawasawa, na nahodha hakuruhusu mtu kuukatiza kwa baiskeli. Niliwahi kumwona akimshusha katekista kutoka kwenye baiskeli yake, kwa heshima zote, shikamoo baba, kisha akamzungusha nje ya mstari. Katekista alikuwa akienda kumwombea mgonjwa. Akazungushwa.

Kasoro yake ilikuwa mto. Masika yakianza, maji yalikuwa yakichukua goli la upande wa chini, kwa hiyo kila mwaka kabla ya mvua tuling'oa milingoti na kuilaza chini ya kitanda cha nahodha. Mwaka mmoja tulichelewa siku moja. Mlingoti mmoja tuliukuta wiki tatu baadaye upande wa chini wa mto, umefanywa nguzo ya zizi la mbuzi la mtu, naye hakutaka kuutoa kwa sababu alisema Mungu ndiye aliyemletea. Mechi za mwezi wa tano zilichezwa wakati maji ya mto bado yako kiunoni, na sheria ilikuwa kwamba mpira ukiingia mtoni, aliyeugusa mwisho anaufuata. Golikipa ndiye anayegusa mpira mwisho mara nyingi kuliko wote. Mimi nimezaliwa Ugogo na sijui kuogelea. Sidhani kama palikuwa na golikipa mwingine katika Jimbo zima la Magharibi aliyekuwa akidaka mipira vizuri kipindi kimoja na vibaya kipindi cha pili, kutegemea upande alioupata.

Timu zilikuja kutoka mbali. Ya Sikonge ilikuja kwa baiskeli, Wamoravian watupu, wenye adabu, na asali kwenye madumu nyuma ya kiti. Walikuwa wakitupatia asali kwanza, tukila mpaka matumbo yakawa mazito, ndipo wakatufunga. Tuligundua mwaka wa nne. Timu ya Kaliua ilikuja kwa gari moshi na ilikuwa lazima iondoke nalo, kwa hiyo refa alikuwa akitega sikio stesheni badala ya kutazama miguu ya watu. Mechi moja tuliivunja kabla ya wakati kwa sababu treni iliwahi kufika, jambo ambalo halikuwa limetokea kabla, na kwa kadiri ya kumbukumbu za ofisi yangu, halikutokea tena.

Nilikuwa na furaha pale. Nasema wazi, kwa sababu nikisimulia habari hizi watu hucheka wakadhani nilipadharau. Nilikuwa mgeni katika mji wa watu na uwanja ule ndio uliokuwa nyumbani kwangu.

Shida ilianza na mbu. Bwana Misitu alitaka kupanda mikaratusi kando ya mto ili miti ikaushe matope na mbu wakose pa kuzalia. Kulikuwa na kingo mbili, na ukingo wa pili ulikuwa mtupu, lakini wa kwetu ulikuwa umesawazishwa tayari. Kabla ya kuuchukua, serikali ilitaka kujua kama kuna mtu mwenye haki nao. Kama klabu ingeonyesha kwamba ilipewa mahali pale kihalali, miti ingekwenda ng'ambo. Hilo tuliambiwa wazi. Aliyetumwa kuuliza alikuwa Bwana Shauri, ofisa wa Boma anayesikiliza mashauri ya watu, kijana wa Kiingereza aliyekuwa amefika Tabora miezi michache nyuma.

Baraza lilifanyika uwanjani, mchana, watu wameketi nyuma ya goli. Bwana Shauri aliletewa kiti na meza ndogo kutoka nyumbani kwa nahodha. Kiswahili chake alikuwa amekisoma na kukifanyia mtihani, na alikijua vizuri kuliko baadhi yetu. Hakuwa na mkalimani. Kama angekuwa na mkalimani, Mswahili yeyote wa mjini hapa, leo tungekuwa tunacheza mpira. Mkalimani angecheka, angesema, bwana, hayo usiandike. Lakini Bwana Shauri alielewa kila neno lililosemwa siku ile.

Nahodha alisimama akiwa amevaa koti lake la kanisani. Alieleza habari za mwanangwa, za vichuguu, za viangazi vitatu. Alionyesha lile gogo la kushindilia. Alisema vizuri sana, na watu wakiona mwenzao anasema vizuri humwitikia, naye akiitikiwa hujisahau. Akapanda juu zaidi. Akasema, "Bwana, tangu mababu zangu walipopita hapa na mizigo yao, wanaume kweli kweli, hakuna mtu wa kabila lolote aliyewahi kudai udongo huu." Kisha akanitupia jicho.

Nililijua jicho lile. Mnyamwezi akijisifia mababu zake wa misafara, na Mgogo yupo ameketi, huyo Mgogo anaitwa kwa jina. Nikinyamaza, nimemdharau. Ni sawa na mtu kukupa mkono ukauacha ukining'inia hewani. Watu walikuwa wameshaanza kunigeukia, wengine wanatabasamu, wanangoja. Bwana Shauri akauliza, "Yupo mwenye neno jingine?"

Nikasimama.

"Bwana," nikasema, "mimi ni Mgogo, na udongo huu ni wetu. Babu yake huyu alipita kwetu ulimi uko nje kwa kiu, hana hata kipande cha kitambaa cha hongo. Akatupa ardhi hii yote kwa kibuyu kimoja cha maji. Na kibuyu kilikuwa kinavuja. Hawa tunawaacha wacheze kwa huruma tu."

Ilikuwa moja ya kauli zangu nzuri kabisa. Watu walilala chini kwa kucheka. Mzee mmoja alivua kofia akajipepea. Bwana Shauri hakucheka. Kalamu ilikuwa inakwenda, na uso wake ulikuwa umechangamka, maana baadaye nilikuja kujua kwamba habari za misafara ndizo alizokuwa akizipenda kuliko mbu na miti. Akamgeukia nahodha.

"Ni kweli maneno haya?"

Na nahodha, mtu mwungwana, akajibu kama inavyopasa. "Kweli kabisa, bwana. Na babu alipomaliza hayo maji, akaomba kibuyu cha pili akanyimwa."

"Ardhi yote ilitolewa?"

"Yote, bwana. Mpaka ule mtumbwi uliopinduka kule ukingoni."

"Na ninyi mpo hapa kwa ruhusa ya Wagogo?"

"Tunawashukuru kila siku," akasema nahodha, na watu wakaanguka tena.

Bwana Shauri aliwauliza na wazee, kwa haki, mmoja mmoja. Wote walikubali, machozi yakiwatoka. Mmoja aliongeza kwamba hata nyoka waliomo kwenye manyasi ni wa Wagogo, ndiyo maana ni waoga. Hilo nalo liliandikwa. Tukaagana na Bwana Shauri kwa heshima, tukacheza mechi ya nusu uwanja kwa furaha ya kazi iliyokwisha salama.

Barua ilikuja baada ya wiki mbili. Mimi ndiye niliyekuwa msomaji wa klabu, kwa hiyo niliisoma mimi, nimesimama kwenye mstari wa goli, wenzangu wameketi. Ilisema kwamba uchunguzi umeonyesha, na mkuu wa klabu mwenyewe amethibitisha, kuwa klabu haina haki yoyote na mahali pale ila inatumia kwa hisani ya watu wengine, nao wanaishi mbali mno na hawapahitaji. Kwa hiyo miti itapandwa. Walicheka. Walidhani natania. Waliendelea kucheka mpaka nilipofika kwenye siku ya kung'oa milingoti, na hata hapo mmoja alisema, "Mgogo huyu, jamani," akiwa anajifuta macho.

Nikampa nahodha barua aisome mwenyewe. Alisoma polepole, kidole chini ya kila neno. Kisha akainama akachomoa jani moja lililokuwa limeota kwenye eneo la penalti, kama alivyokuwa akifanya kila siku, akalitupa nje ya mstari.

Tulikwenda Boma wawili, yeye na mimi. Alivaa tena lile koti. Akamweleza Bwana Shauri utani ni nini, tangu misafara mpaka mbuzi wagonjwa, na nilivyoona mimi alieleza vizuri. Bwana Shauri alisikiliza mpaka mwisho, akafunga daftari lake, akanitazama.

"Uliyosema siku ile ni kweli au ni uongo?"

"Ni utani, bwana."

"Sikuuliza hilo."

Ofisi yake ilikuwa na makabati mawili nyuma yake, na nikaona kabisa kwamba maneno ya watu nayo yana makabati mawili tu, la kweli na la uongo, na langu halina pa kuwekwa. Akatueleza bila ukali. Kama maneno yangu yalikuwa kweli, uamuzi ni halali, na barua inabaki. Kama yalikuwa uongo, basi barua itafutwa, ila mimi nimeidanganya serikali katika baraza lake, na kwa hilo kuna jela, na mtu aliyetoka jela hawezi kuwa karani wa mizigo. Hakuwa mtu mbaya. Alituambia tukae. Akasema atatoka kidogo ili tushauriane, akatoka.

Tukabaki na saa ya ukutani. Mke wangu alikuwa kwetu, mjamzito wa mtoto wetu wa kwanza, akingoja nimtumie nauli aje. Nikasema, "Mtani, nitakubali kwamba nilisema uongo. Nitafungwa, nitatoka. Uwanja utabaki."

Nilisema hivyo. Lakini nimeahidi nafsi yangu kuandika kama ilivyokuwa, na ilivyokuwa ni kwamba nilisema kwa sauti ndogo, sauti ya mtu anayekukaribisha chakula huku anafunika chungu. Nilikuwa naogopa. Nilitaka anikatalie, na yeye alinisikia vizuri.

Nahodha alikuwa anatazama viganja vyake. Vilikuwa na sugu za mpini wa lile gogo, tofauti na sugu za mwiko wa kazi, na mimi nilikuwa nazijua zote. Bwana Shauri aliporudi, nahodha akasimama.

"Bwana," akasema, "maneno ya huyu ni kweli. Babu yangu alikuwa na kiu."

Akatia sahihi mahali alipoonyeshwa. Njiani kurudi tulitembea mpaka tulipofika reli. Hapo akasimama kunisubiri nifunge kamba ya kiatu, akasema, "Wangekufunga wangekupa kazi ya kuchota maji, Mgogo we. Ungekufa siku ya kwanza." Nikacheka, kwa sababu nilipaswa kucheka. Hakulitaja tena jambo lile, siku ile wala nyingine yoyote.

Milingoti tuliing'oa wenyewe. Ililazwa chini ya kitanda chake kama ilivyolazwa kila masika, na haikutoka. Wafungwa walileta miche ya mikaratusi na majembe, na ule udongo wa kichuguu ulikuwa mgumu mno, majembe yalivunjika mipini, ikabidi waletewe sururu. Nahodha alikuwa akijenga ukuta ng'ambo kidogo na aliwasikia wiki nzima. Klabu ilipewa uwanja nyuma ya soko, ulioinama, ambako timu ya Sikonge ilikuja mara moja na asali yake na haikurudi. Nahodha alicheza msimu mmoja akaacha, akisema magoti. Magoti yake yalikuwa mazima. Aliendelea kupanda ngazi za ujenzi mpaka mwisho.

Miti iliota haraka na ikafanya kazi iliyotakiwa, na zaidi. Ilikunywa matope, ikanywa na mto. Siku hizi maji hayafiki tena pale hata masika yakiwa makubwa. Lile goli la upande wa chini, lililonitia hofu miaka yote, lingekuwa kavu mwaka mzima. Ungekuwa uwanja bora Tabora nzima, kama si miti.

Mke wangu alikuja, mtoto akazaliwa, nikapandishwa cheo. Kila nilichopata miaka ile nilikipata kwa sababu sikufungwa, na nilimwona nahodha karibu kila siku, na sikuweza kumwomba radhi. Ningefungua mdomo niseme nini? Kusema nisamehe kungekuwa kumwambia kwamba siku ile nilimaanisha, kwamba niliamini babu yake aliuza. Yeye naye hakuweza kunilaumu, kwa kuwa kumkasirikia mtani ni aibu. Tuliendelea kutukanana kwa furaha mbele za watu. Nilichoweza kufanya nilikifanya: kila mzigo wake uliopita mikononi mwangu niliuandika pungufu ya uzito wake. Radhi yangu yote iligharimiwa na reli.

Akafa kwa kifua, mwaka mmoja kabla ya bendera ya Mwingereza kushushwa. Waliokuja kunipa habari waliniambia, "Mtani, kazi kwako." Katika msiba wa Mnyamwezi, Mgogo ana kazi yake. Waliofiwa wanalia na watani wanawachekesha, na hakuna wa kumzuia, hata padre. Na nilikuwa mimi mkubwa wa watani wote pale Tabora.

Nikafanya kazi. Nilivaa koti lake la kanisani, lilinibana mabegani. Nikaiga mwendo wake, nikajitwika karai tupu, nikawafokea waombolezaji wasikanyage mstari ambao haukuwepo. Nilimzungusha katekista, yule yule, sasa mzee wa mkongojo, na akazunguka. Watu walicheka mpaka wakalia vizuri, ndiyo maana ya kazi yenyewe.

Jeneza lilipotoka kanisani kwenda makaburini, lilipita njia ya zamani ya misafara, na njia hiyo inapita kando ya mikaratusi. Hapo ndipo nilipolizuia. Ni desturi: mtani hulala njiani, na haondoki mpaka apewe kitu, kuku, kitambaa, chochote. Nikalala mbele ya wabebaji. Padre akasimama, amezoea. Watu wakajipanga kusikia nitadai nini.

Nilikuwa nimetayarisha maneno kuhusu kuku. Nikiwa chini pale, nikaiona ile miti kwa ubavu, mistari yake, na chini ya majani makavu udongo mwekundu uliokuwa umetokeza. Nikainuka nikaketi.

"Sitaki kuku," nikasema. "Sikilizeni. Uwanja ule ulikuwa wake. Mababu zake hawakumpa mtu yeyote. Hapakuwa na kibuyu. Mimi ndiye niliyesema uongo, na yeye akaukubali uongo wangu ili nisifungwe. Alikuwa mtu bora kuliko mimi."

Kisha mtu akapasuka kwa kicheko, na wengine wakafuata, na wabebaji wenyewe jeneza likaanza kuwayumba mabegani. Mgogo kumsifu Mnyamwezi! Mgogo kukiri uongo! Walisema hawajapata kusikia utani kama ule tangu wazaliwe. Mzee mmoja alivua kofia akajipepea, na nadhani alikuwa mzee yule yule wa barazani. Nilisema, "Ni kweli, jamani, nasema kweli," na kila niliposema, walicheka zaidi.

Mjane alikuwa nyuma ya jeneza, anashikiliwa na wanawake wawili. Akawaachia, akaja mbele mpaka nilipoketi. Macho yake yalikuwa mekundu, na hayakucheka. Akanijibu kama inavyopasa mtu kumjibu mtani.

"Kweli kabisa," akasema. "Na mke mwenzangu ulimuuza wewe."

Watu wakaanguka kwa kicheko. Mimi na yeye tulitazamana. Miaka yote ile hakuna aliyekuwa ameniambia neno hilo.

Hakunipa kuku, wala kitambaa, wala chochote. Nikainuka, nikajipangusa udongo kwenye koti la nahodha, nikaondoka njiani. Wakapita naye.